Wanasema "Punguza Wanga". Sisi Tupunguze Kipi?

  Leo tunaongea juu ya mwili. Kama kuna atakayekasirika, si neno, akasirike lakini asome mpaka mwisho.

Februari 2025 tulianza dayati ya kupunguza wanga. Tulikuwa sita, wasichana wanne na wavulana wawili. Hakuna aliyetulazimisha. Tulikuwa tumechoka na mwili unaopanda na kushuka kila mwaka, nguo ya Krismasi haiingii Pasaka, na ya Pasaka inakuanguka mwezi wa nane. Tukaona video kwenye simu. Dada mmoja, jiko lake linang'aa, anasema acha ugali, acha wali, acha chapati, kula mayai, nyama, parachichi, jibini na mkate wa unga wa lozi, kilo zitaondoka zenyewe. Tukasema haya, twende.

Kabla hamjatucheka, sikieni kwanza hizo kilo zetu zilitoka wapi.

Lobule ilifunguliwa mwaka 2013 kwa ajili yetu sisi tuliotoka Kongo. Tulifika wembamba, kila mtu anajua mtu anavyofika. Mgawo ukaja, tukanenepa kidogo, wazazi wakafurahi. Aprili 2020 mgawo ukakatwa asilimia 30. Februari 2021 ukashuka tena, ukabaki asilimia 60. Julai 2023 tukagawanywa makundi matatu: wa kwanza asilimia 60, wa pili asilimia 30, wa tatu hakuna kitu. Leta kadi za kliniki za wamama wa hapa, tazama kilo zao mwaka kwa mwaka, halafu tazama tarehe hizo. Utaona vinafuatana kama boda na abiria wake.

Sasa utauliza, kama chakula kilipungua, mbona kuna walionenepa? Hapo ndipo watu hawaelewi. Mgawo ukipungua, posho haiishi kwanza. Kinachoisha kwanza ni maharage na mafuta, juu ya hivyo ndivyo vinauzwa haraka ukitaka sabuni, daftari au dawa. Nyumbani inabaki unga. Unakaa na njaa mchana kutwa, usiku unakula mlima mmoja wa posho na maji ya mboga, unalala. Siku pesa ya mgawo inapoingia, siku tatu ni sikukuu: chapati, soda, mandazi, chai ya sukari nyingi. Halafu tunarudi kwenye mlima wetu wa usiku. Mwili wa mtu ukiishi hivyo miaka kumi utakuwaje? Wengine wanakauka. Wengine wanavimba tumbo na mapaja huku damu imepungua. Kuna nyumba hapa ina vyote viwili, mama mnene na mtoto mwenye utapiamlo, na sufuria ni ile ile moja.

Twende kwenye hesabu, hesabu haina siasa. Mashirika yanapanga kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Katika mgawo kamili nafaka ni karibu gramu 400 kwa siku. Unga wa mahindi, robo tatu yake ni wanga. Kwa hiyo posho peke yake inakupa karibu gramu 300 za wanga, na hapo hujahesabu maharage. Wanaofundisha dayati hii wanataka usizidishe gramu 130 kwa siku, na walio wakali wanasema 50. Maana yake, ili ufuate dayati, lazima utupe zaidi ya nusu ya unga wako. Na unga huo ndio theluthi mbili ya nguvu yako yote ya siku. Ukiutupa, utaweka nini mahali pake? Video inasema nyama na jibini. Jamani, jibini Lobule?

Dayati hii haikuanzia kwa watu kama sisi. Mwaka 1863 bwana mmoja wa London, William Banting, mwenye biashara ya mazishi, aliandika kijitabu jinsi alivyopunguza mwili kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Alikula nyama mara nyingi kwa siku na akanywa divai yake. Mwaka 1972 daktari Mmarekani Robert Atkins akaandika kitabu chake, kikanunuliwa sana. Hatuwachukii. Lakini hao ni watu waliotoa chakula kwenye meza iliyojaa. Sisi tunaambiwa tutoe kwenye sahani yenye kitu kimoja.

Basi, yaliyotupata ni haya. Wiki ya kwanza tulishuka, mmoja wetu kilo tatu nzima. Tukapiga picha, tukaringa. Baadaye muuguzi akatueleza kwamba sehemu kubwa ilikuwa maji. Mwili unaweka akiba ya wanga pamoja na maji, ukiacha wanga akiba inaondoka na maji yake. Wiki ya pili kichwa kinauma, kizunguzungu, hasira za bure. Wiki ya tatu pesa ikaisha. Yai moja kwetu ni shilingi 500, na mayai matatu kwa siku kwa watu sita ni shilingi 9,000. Dada yetu anayeshona nguo Koboko mjini alikuwa anakula faida yote ya cherehani. Nyumbani mama akauliza swali moja tu: "Wewe unakula mayai, wadogo zako wanakula nini?" Hakuna video yenye jibu la swali hilo.

Halafu maneno ya watu. Uganda hii, miaka ya 1980, UKIMWI uliitwa slim. Wazee bado wanakumbuka. Msichana akikonda ghafla, majirani wanaanza kunong'ona, na mchumba anaanza kupiga simu mara moja kwa wiki. Ukinenepa nako kuna neno: "Huyu anashiba, kwa nini yuko kwenye orodha?" Tumesikia hilo kwenye mstari wa mgawo, tena kutoka kwa wenzetu wenyewe. Unene si shibe. Mtu anaweza kuwa na kilo 90 na hajaonja samaki tangu mwezi uliopita. Tuache kupima haki ya mtu kwa macho.

Kufika Mei tulikuwa tumeshaacha, na kilo zimerudi. Mwezi huo huo WFP ikasimamisha chakula kwa wakimbizi milioni moja hapa Uganda kwa kukosa fedha. Watu wakataniana kambini: "Sasa sote tuko kwenye dayati." Tulicheka. Usiku hatukucheka.

Sasa tunakuja kwenu, wafanyakazi wa mashirika. Hatusemi ninyi ndio mliokata. Tunajua wafadhili wamefunga mifuko, na wengi wenu mmepoteza kazi. Lakini hili lazima tuseme. Shirika moja, jina tunaliacha, lilitukusanya chini ya mwembe kutufundisha lishe. Mwalimu alichora sahani: nusu mboga, robo nyama au maharage, robo posho. Mchoro mzuri, hatubishani nao. Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, hiyo nusu na hiyo robo ziko kwenye kadi gani?" Watu wakacheka. Mwalimu akajibu kwamba lishe bora ni suala la nidhamu.

Nidhamu! Huyu mama amegawa kopo moja la unga kwa watoto watano miaka yote hii bila mmoja kufa. Kama hiyo si nidhamu, nidhamu ni nini? Mkiwa na shilingi za kutosha mtu anaitwa mteja, hana shilingi anaitwa asiye na nidhamu. Hilo tunalikataa.

Lakini hatutaki kudanganyana. Ndani ya yale mafundisho kuna ukweli, na tunaukubali kwa sababu unatuuma. Sukari ipo kambini. Presha ipo. Tuna wazazi wanaokojoa usiku kucha, miguu inawaka moto, na hawajawahi kupimwa sukari hata siku moja. Mnajua ule mkanda wa kupima mkono wa mtoto? Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mpaka 12.5 ni njano, juu yake ni kijani. Ni kitu kizuri, kimeokoa wadogo zetu. Lakini mkanda huo unajua kukonda tu. Mama mwenye kiuno kinene na sukari ya juu hana rangi yake kwenye mkanda wowote, kwa hiyo kwenye ripoti hayupo.

Kwa huyo mama, kupunguza wanga si urembo, inaweza kuwa dawa. Na hapo tunawaonya vijana wenzetu kwa nguvu: kama mzazi wako anachoma insulini au anakunywa vidonge vya sukari, usimkatie posho kwa sababu uliona video. Dawa ile ile na chakula kidogo, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia. Aende kituo cha afya kwanza, dozi iangaliwe. Mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu kabisa.

Sisi sita hatukurudi tulikotoka. Wanne bado tunaendelea, lakini kwa njia yetu. Soda tumeacha. Chai haina sukari, mwanzoni ni uchungu kama kwinini, sasa tumezoea. Mandazi ni Jumapili tu. Posho ni ngumi moja, lakini pembeni kuna majani ya kunde, yale Walugbara wanaita osubi, kuna lengalenga, na kuna karanga ya kusaga au mukene kidogo pesa ikiwepo. Hakuna aliyekuwa mwembamba kama dada wa video. Ila kilo hazirukiruki tena, na usingizi umerudi. Chakula hiki babu zetu walikijua kabla ya dayati kuwa na jina.

Lakini angalia kinahitaji nini. Kinahitaji mbegu, maji na ardhi. Katika kambi nyingi za West Nile familia ilipewa kiwanja cha mita 30 kwa 30, na humo kuna nyumba, jiko na choo. Wenzetu wanaopanga vyumba Arua na Koboko mjini hawana hata hicho, na wengi wao hawako kwenye orodha yoyote ya mgawo. Wao wananunua kila jani sokoni.

Kwa hiyo madai yetu ni haya. Kila kituo cha afya kinachopima mikono ya watoto kipime pia sukari na presha za wazazi. Kabla ya somo la sahani, uje mpango wa mbegu za mboga na wa kukodi mashamba kwa wenyeji kwa mkataba unaoeleweka. Pesa ikipatikana, hata kidogo, isiishie kwenye unga: maharage, karanga na samaki wadogo wahesabiwe kuwa chakula, wasihesabiwe anasa. Na mwalimu wa lishe anayekuja kwetu aje kwanza sokoni Koboko na shilingi 3,000 mkononi, anunue ile sahani aliyoichora ya watu saba, halafu arudi chini ya mwembe tuongee juu ya nidhamu.

Tutakaa naye. Posho tutapika sisi, ngumi moja moja. Mboga alete yeye.