Nyumbani ni wapi? Kufuzu kwa CAN 2025 na somo lake kwa sisi wa Uvira

Jumanne tarehe 19 Novemba 2024 Kundi H lilimaliza mechi zake za kutafuta nafasi katika Kombe la Mataifa ya Afrika, CAN 2025. Leopards wetu wamefuzu. Tanzania nao wamefuzu. Timu hizo mbili zilikwenda Moroko, ambako mashindano yalianza tarehe 21 Desemba 2025 na kumalizika tarehe 18 Januari 2026.

Hapa kwetu kando ya ziwa, habari hiyo ina uzito wa pekee. Familia nyingi za Uvira, Baraka na Fizi zina watu wao Kigoma, na wengine bado wako katika kambi ya Nyarugusu tangu vita vya 1996. Basi wapo wanaofurahi mara mbili. Lakini mwenye kuangalia kwa makini namna kundi hili lilivyochezwa ataona jambo lingine, ambalo magazeti ya michezo yalilipita haraka. Ni swali la nyumbani: nani ana nyumbani, nani amelipoteza, na nani anahesabiwa kuwa mtu wa nyumbani.

Hesabu ya mechi sita

Kwanza tueleze utaratibu, maana kila mara watu wanabishana juu yake. Timu 48 ziligawanywa katika makundi 12, kila kundi timu nne. Kila timu inacheza na kila mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini, jumla mechi sita. Kushinda ni pointi tatu, sare ni pointi moja. Timu mbili za juu katika kila kundi zinafuzu. Moroko, kwa kuwa ni mwenyeji, nafasi yake ilikuwa imehifadhiwa, kwa hiyo katika kundi lake ilibaki nafasi moja tu kwa wengine. Timu mbili zikilingana kwa pointi, kinachoangaliwa kwanza ni matokeo ya mechi walizocheza wao kwa wao. Mabao waliyowafunga wengine yanakuja baadaye.

Kundi H lilimalizika hivi: Kongo pointi 12, Tanzania 10, Guinea 9, Ethiopia 4.

Leopards walishinda mechi zao nne za kwanza. Waliwashinda Guinea na Ethiopia mwezi wa Septemba, kisha Tanzania mara mbili mwezi wa Oktoba: 1-0 Kinshasa tarehe 10, na 2-0 Dar es Salaam tarehe 15, mabao yote mawili yakifungwa na Meschack Elia dakika za mwisho. Siku hiyo wakawa wamefuzu. Mwezi wa Novemba wakapoteza zote mbili zilizobaki, 1-0 mbele ya Guinea na 2-1 mbele ya Ethiopia, tena hii ya pili Kinshasa.

Tukumbuke CAN iliyotangulia. Katika kuitafuta ile, Leopards walianza kwa kupoteza mechi mbili za kwanza, mbele ya Gaboni na Sudani, Juni 2022. Kocha Héctor Cúper akaondoka, Sébastien Desabre akachukua kazi, na timu haikupoteza tena mpaka ikamaliza kileleni mwa kundi. Mara moja walianza vibaya wakamaliza vizuri. Mara nyingine walianza vizuri wakamaliza vibaya. Hesabu ya mechi sita imewavumilia mara zote mbili, kwa sababu haimhukumu mtu kwa siku yake moja mbaya.

Lakini hesabu hii ina udhaifu wake. Leopards walipofungwa na Guinea tarehe 16 Novemba, wao hawakuwa na kitu cha kupoteza tena. Tanzania walikuwa nacho. Pointi zile tatu ziliwafikisha Guinea kwenye 9, na Tanzania, waliokuwa na 7, wakalazimika kushinda mechi ya mwisho. Hata sare isingewatosha. Walishinda 1-0 pale Dar es Salaam, kwa bao la Simon Msuva. Hatusemi kwamba kuna aliyeuza mechi. Tunasema tu kwamba aliyekwisha kuingia mlangoni bado ana deni kwa wale wanaongoja nje, kwa kuwa anachokifanya kinagusa maisha yao.

Wenyeji waliocheza ugenini

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kundi H lilikuwa na mechi 12. Katika hizo, sita zilichezwa mahali ambapo timu iliyoitwa mwenyeji ilikuwa mgeni kama mwenzake.

Guinea haikucheza hata mechi moja Conakry. Mechi zake zote tatu za «nyumbani» zilichezwa Côte d'Ivoire. Ethiopia nayo haikucheza hata moja Addis Ababa. Iliwapokea Leopards huko Dar es Salaam, ikawapokea Guinea Abidjan, ikawapokea Tanzania kwenye Stade des Martyrs, Kinshasa. Yaani Waethiopia walikuwa wenyeji katika mji wetu mkuu, kwenye kiwanja chetu, na siku tatu baadaye wakarudi kwenye kiwanja kilekile wakiitwa wageni. Jirani zetu Warundi, ambao kundi lao lilichukuliwa na Senegali na Burkina Faso, nao wamekuwa wakitafuta mahali pa kuchezea nje ya nchi yao.

Sababu inajulikana. CAF hutuma watu wa kukagua viwanja: majani ya kuchezea, taa, vyumba vya wachezaji, chumba cha matibabu, viti, milango ya watazamaji kutokea. Kiwanja kisichotimiza masharti hakipewi ruhusa. Masharti hayo si ya bure, maana watu wamekufa viwanjani Afrika kwa sababu ya milango mibovu na msongamano. Lakini gharama yake inawaangukia walio maskini. Timu inalipa ndege na hoteli kwa mechi ambayo ingepaswa kuichezea kwao. Inakosa watazamaji wake, na tiketi zinauzwa katika mji ambao watu wake hawana haja na mechi hiyo.

Ubaya wa jambo hili unaonekana zaidi ukikumbuka historia. CAN ya kwanza ilichezwa Khartoum mwaka 1957, na nchi tatu tu zilishiriki: Misri, Sudani na Ethiopia. Ethiopia ndiyo iliyoandaa na kushinda mwaka 1962. Na sisi Wakongo kombe letu la kwanza, la 1968, tulilipatia Addis Ababa, kwa kuifunga Ghana 1-0 katika fainali. Mji uliotupatia furaha hiyo haukuwa na kiwanja kilichokubalika kwa mechi hizi za 2024. Kiwanja hakipotei kwa siku moja. Kinapotea kwa miaka ya kutotengenezwa, mabomba yasiyozibwa, na fedha zilizopangwa kisha zikaenda kwingine. Hilo tunalijua vizuri hapa Uvira, tunaongojea kila mwaka barabara ya kwenda Bukavu na ile ya kwenda Fizi zitengenezwe.

Nyumbani kunasaidia kweli, na mfano uko karibu nasi. Tarehe 23 Machi 2019 Burundi walihitaji sare tu na Gaboni ili waingie CAN kwa mara ya kwanza. Walicheza Bujumbura, karibu kilomita 30 kutoka hapa, mbele ya watu wao. Cédric Amissi akafunga, Gaboni wakasawazisha, mechi ikaisha 1-1, na Burundi wakafuzu bila kupoteza hata mechi moja kati ya sita. Mwaka huo CAN ilikuwa imeongezwa kutoka timu 16 hadi 24, na mlango ukapanuka kwa wadogo. Lakini mlango ukipanuliwa na kiwanja kikifungwa, mdogo amepewa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine.

Sudani: kufuzu wakiwa wakimbizi

Hata hivyo kuna timu moja ambayo kila mkimbizi anapaswa kuijua. Tangu tarehe 15 Aprili 2023 Sudani iko katika vita kati ya jeshi la taifa na kikosi cha RSF. Mamilioni ya watu wamehama makwao. Katika kundi lao walikuwemo Ghana, waliowahi kuchukua kombe hili mara nne. Sudani walitoka sare nao Accra, kisha wakawapokea Benghazi, Libya, kwenye nyumba ya kuazima, wakawafunga 2-0. Mwishoni Angola na Sudani wakafuzu, na Ghana wakabaki wa mwisho. Kocha wa Sudani, Kwesi Appiah, ni Mghana.

Ushindi huo haukunyamazisha bunduki hata moja Khartoum wala Darfur. Lakini ulionyesha kwamba taifa lililopoteza kiwanja halijapoteza jina lake, na kwamba mgeni aliyepewa kazi kati ya watu wanaoteseka anaweza kuwatumikia kwa uaminifu, hata mbele ya ndugu zake mwenyewe.

Sisi wa mashariki tunahitaji kulisikia hilo. Hapa Uvira wapo waliohamishwa na vita vya milimani, wapo waliohamishwa na mto Mulongwe mwezi wa Aprili 2020, na wapo ambao mwaka 2024 maji ya ziwa yaliingia nyumbani mwao. Kule Lusenda wapo Warundi walioikimbia nchi yao tangu 2015. Sehemu za ufuko ambako watoto walikuwa wakipigia mpira zilifunikwa na maji. Tunajua maana ya kuwa mwenyeji kwa jina tu.

Nani ni wa nyumbani?

Liko swali moja gumu zaidi, na kanisa halipaswi kulikwepa.

Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya CAN dhidi ya Côte d'Ivoire mjini Abidjan, wachezaji wetu walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bastola, wakati wimbo wa taifa ukipigwa. Walikuwa wanausema ukimya wa dunia juu ya mauaji ya mashariki. Watu wengi wa huku walilia siku hiyo. Kwa mara moja taifa zima lilisema jina la maumivu yetu mbele ya Afrika yote.

Lakini angalia wachezaji wale ni akina nani. Chancel Mbemba, nahodha, alizaliwa Kinshasa. Yoane Wissa, Cédric Bakambu na Arthur Masuaku walizaliwa Ufaransa. Sheria ya mpira wa kimataifa inamruhusu mtu kuchezea nchi ya wazazi wake, hata ya babu na bibi zake. Wissa alipowafunga Zambia katika CAN hiyo, hakuna aliyeuliza kijiji chake. Hakuna aliyepima pua yake wala kusikiliza lafudhi yake. Alivaa jezi, akafunga, akawa wetu.

Basi kwa nini hapa kwetu jirani aliyezaliwa Bijombo au Minembwe, ambaye baba na babu yake wamezikwa kwenye udongo huu, anaulizwa kila siku ametoka wapi? Kwa nini Mbembe au Mfuliiru akipita mahali fulani aangaliwe kama adui kwa sababu ya jina lake tu? Makosa ya mwenye silaha ni ya mwenye silaha, awe wa kundi lolote, na haki imdai yeye. Kilio cha Abidjan kilikuwa kwa ajili ya waliouawa. Anayekigeuza kuwa kibali cha kumchukia jirani amewaibia wachezaji ishara yao.

Israeli walipopelekwa Babeli waliona ni vigumu kuimba nyimbo za Sayuni katika nchi ya ugeni. Na nabii Yeremia akawaandikia watafute amani ya mji ule waliohamishiwa. Maneno hayo mawili tunayahitaji pamoja: uchungu wa aliyepoteza nyumbani, na kazi ya kujenga amani pale alipo.

Yaliyo mikononi mwetu

Stade des Martyrs, ilipofunguliwa mwaka 1994, iliitwa Kamanyola, jina la mji wetu wa bonde la Ruzizi ambako jeshi la Mobutu lilipigana na waasi mwaka 1964. Mwaka 1997 ikapewa jina la wanasiasa wanne walionyongwa hadharani Kinshasa mwaka 1966. Kiwanja kikubwa cha taifa kilibeba jina la huku kwetu, lakini watu wa Kamanyola na Uvira hawana barabara ya kukifikia. Hilo la barabara ni la serikali, na tuendelee kulidai.

Lakini kuna madogo yanayoweza kufanywa na makutaniko yetu. Parokia nyingi zina kipande cha ardhi kando ya kanisa au shule. Kikisawazishwa, kikawekewa milingoti na mtu wa kukitunza, ni kiwanja. Vijana wa Mulongwe, Kalundu, Kasenga na Kavimvira wacheze hapo pamoja na watoto wa waliohama na watoto wa wakimbizi, timu zikipangwa bila kuuliza kabila. Na ratiba iwe ya nyumbani na ugenini, ili kila mtaa upate zamu ya kupokea na zamu ya kupokelewa.

Kila tutakapokaa kuwaangalia Leopards wakicheza, tuwashangilie kwa sauti yote. Na aliyeketi kando yetu, akishangilia bao lilelile, asiulizwe kwao ni wapi.