KODI MNACHUKUA, MAJI YAKO WAPI?

Ndugu wafanya kazi,

Kila mwisho wa mwezi mwenye nyumba hakosi kufika mlangoni. Hata mvua ikinyesha, atafika. Lakini mfereji ukikauka wiki mbili, haonekani. Ukimwuliza, atakujibu, "Hayo ni mambo ya kaunti." Nasema jibu hilo ni la kukwepa.

Tuipime kazi yake kwa kazi yetu. Reli ikimwuzia mtu tikiti ya Mombasa, haiwezi kumshusha Voi na kumwambia amalize safari kwa miguu. Imepokea nauli, lazima imfikishe. Kodi nayo ni nauli. Mtu hakodi kuta nne na mabati. Anakodi mahali pa kuishi, na pasipo maji hapaishiki.

Ni kweli, pengine maji hukosekana mji mzima, na hatumlaumu mtu kwa ukame. Lakini kama bomba limepasuka ndani ya ploti yake, au amekusanya pesa za maji kwetu asizilipe, kosa ni lake. Hasara ni yetu: kodi tumelipa, tena tunanunua mtungi baada ya mtungi, mama wa nyumba anapanga foleni tangu alfajiri, na choo cha ploti nzima kinaleta maradhi kwa watoto.

Sheria iko. Huko Uingereza, sheria ya 1985 inamlazimu mwenye nyumba kutengeneza mabomba, hata mtambo wa kupasha nyumba joto na wa maji ya moto. Sisi hatujadai ya moto. Twadai ya baridi tu! Hapa Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Tena Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, yaihesabu nyumba inayokaliwa bila maji ya kutosha kuwa kero ya kuondolewa.

Wala msiseme hayo ni maneno ya karatasi. Wapangaji wa Muthurwa, mtaa uliojengwa kwa watu wa reli, walitakiwa kuhama mwaka 2010 na maji yakakatwa. Walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 jaji akaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Hawakwenda kila mtu kivyake, walikwenda pamoja.

Basi, ndugu, wekeni risiti zenu. Andikeni siku maji yalipokatika. Wapangaji wote watie sahihi barua moja: nakala kwa mwenye nyumba, nakala kwa afisa wa afya wa kaunti. Msizuie kodi kwa hasira, msije mkampa sababu ya kuwatoa.

Mpangaji mmoja akilalamika huitwa mkorofi, akafungiwa mlango. Ploti nzima ikisema neno moja, atamfungia nani? Kodi tumelipa. Maji tunayadai.

Mfanya kazi wa Reli,
Nairobi