Foronya ya Hariri Isiyo na Hariri

Nywele za mawimbi, yaani zile zisizonyooka kama singa wala kujisokota kama kipilipili, na ambazo msusi wa Marekani Andre Walker aliziweka katika kundi la pili kati ya makundi yake manne, hupoteza umbo usiku kwa sababu ya msuguano na unyevu, wala si kwa sababu mwenye nazo ameshindwa kununua foronya ya bei mbaya, kama wafanyabiashara wa urembo wanavyotaka umma uamini.

Unywele umefunikwa na magamba membamba yanayopandana kama vigae vya paa, na kichwa kinapogeuka juu ya foronya ya pamba, nyuzi za pamba huyakwaruza magamba hayo huku zikinyonya unyevu wake, ndiyo maana asubuhi nywele huwa zimetimka. Anayelala na nywele mbichi hujiumiza zaidi, kwa kuwa maji hulegeza vifungo vidogo vilivyo ndani ya keratini, ambayo ni protini inayoujenga unywele, na vifungo hivyo hujifunga upya nywele zinapokauka, vikilishika umbo lolote ambalo mto umelilazimisha. Dawa yake haina makuu: nywele zikauke kwanza, zikusanywe utosini kwa kibanio laini kisichokazwa au zisukwe msuko mmoja uliolegea, kisha zivikwe kofia ya kulalia yenye uso mtelezi.

Wiki hii, hata hivyo, shangazi wa safu hii, ambaye wasomaji wa kila Jumapili hawahitaji kukumbushwa imani yake katika kila kilichoandikwa kwa herufi za dhahabu, aliuziwa katika duka moja la Kariakoo foronya ya "hariri halisi" kwa bei inayokaribia ya godoro, ilhali lebo iliyofichwa ndani ya pindo ilitaja poliesta asilimia 100. Kitambaa chenyewe kilikuwa satini, na satini ni namna ya kufuma, si aina ya uzi, hivyo yaweza kufumwa kwa hariri au kwa plastiki. Kwa nywele, satini ya poliesta inafaa kabisa, kwani inateleza. Kinachokera ni mteja kutozwa jasho la kiwavi ambaye hakuhusika.

Muuzaji aliapa kwamba hariri ya kisasa huandikwa hivyo. Hariri ya kweli, ikiwa protini kama unywele wenyewe, uzi wake ukichomwa hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalopondeka, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu; lakini binti wa shangazi alipochomoa uzi mmoja na kuomba kiberiti, mwenye duka alikumbuka ghafla kwamba muda wa kufunga umefika, saa nne asubuhi.