Hewa ya Nje na Mwamba Ulio Chini Yake

Gesi ya radoni haina rangi, harufu wala ladha, na kwa sababu hiyo husahauliwa kwa urahisi. Huzaliwa ndani ya chembe za mwamba na udongo pale radiamu, iliyo mzao wa urani, inapovunjika. Sehemu ya gesi hiyo hupenya katika nyufa za ardhi ikafika hewani, na nusu yake hutoweka kila zipitapo siku 3.8.

Husemwa kwamba hewa ya nje huwa na bekereli 5 hadi 15 za radoni katika kila mita moja ya ujazo. Kwa dunia nzima takwimu hiyo yafaa. Kosa ni kuichukua kama hali ya kila kijiji. Hakuna mtu apumuaye wastani. Mkazi wa Dar es Salaam wakati wa kusi hupumua hewa iliyosafiri siku nyingi juu ya Bahari ya Hindi, na bahari hutoa radoni kidogo mno. Mkazi wa Mwanza au Singida huishi juu ya miamba ya itale, ambayo kwa kawaida ina urani nyingi kuliko mawe ya chokaa. Huko Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, fosfati iliyotokana na mabaki ya ndege wa ziwa la kale ina urani inayopita udongo wa kawaida mara nyingi. Na katika kilima cha Mrima, pwani ya Kenya, kilichojaa ni thoriamu, ambayo huzaa thoroni. Nusu ya gesi hii hutoweka kwa sekunde 56 tu, hivyo hubakia karibu na ardhi: alalaye mkekani huipata kuliko aliyesimama.

Hata hivyo, mwamba peke yake hautoshi kueleza mambo. Itale isiyo na ufa hufungia gesi yake ndani. Ikimomonyoka ikawa kichanga kikavu, huiachia. Mfinyanzi uliolowa mvua za masika huiziba. Usiku usio na upepo hewa baridi hutuama mabondeni, na radoni hujikusanya hadi alfajiri. Jua likipanda hutawanyika. Mpimaji afikaye saa sita mchana na kuondoka saa nane huandika namba ndogo, kisha namba hiyo huitwa kipimo cha wilaya.

Wapo wasemao kwamba hatari imo nyumbani, si uwanjani. Ni kweli: radoni ni miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kikomo cha bekereli 100 kwa mita ya ujazo ndani ya nyumba. Lakini tiba ya kwanza ya nyumba ni kufungua madirisha, na dirisha haliwezi kuingiza hewa bora kuliko iliyoko nje.

Hapana budi, basi, vipimo vifuate ramani ya jiolojia badala ya mipaka ya utawala. Ramani zipo Dodoma. Kipimo kidogo cha plastiki, kisichohitaji umeme, kikitundikwa miezi mitatu huhesabu usiku na mchana pamoja. Vitundikwe kwanza Minjingu, Singida na Bahi, na kimoja pwani kwa kulinganisha, kiangazi na masika.