Tupe ile ya njaa, Bibi!

Kama juzi ulikuwa umesimama pale Majengo, mikono mgongoni, unasoma magazeti ya bure, basi tulikuwa wote. Gazeti lenye bi harusi anacheka lilibaki linapigwa na vumbi la Dodoma. Lile lenye jeneza, jamaa walikuwa wanasukumana.

"Braza, furaha hailipi," muuzaji akaniambia.

Nikacheka, halafu nikajishtukia. Lile la jeneza nilikuwa nimelishika kwapani, nimeshalilipia!

Tusidanganyane. Mwaka 2003 Mussa Banzi alipotoa Nsyuka, ile filamu ya kutisha, mimi niliiangalia nimejifunika shuka. Kesho yake nikairudia. Sasa ni ugonjwa gani huu?

Jibu nililipata Mvumi, wikiendi nilipokwenda kumwamkia Bibi. Usiku, tumeshamaliza ugali wa uwele na mlenda, akaanza kuwasimulia wajukuu habari za mwaka fulani mvua ilinyesha vizuri, mtama ukajaa, ng'ombe wakanona. Watoto wakaanza kupiga miayo. Mmoja akamkatisha: "Bibi, tupe ile ya njaa."

Ile ya njaa ni Mtunya. Mgogo yeyote ukimtajia hilo jina anajua: njaa ya kati ya 1917 na 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilipita huku, majeshi yakachukua ng'ombe na nafaka, wanaume wakasombwa kuwa wapagazi, halafu mvua nayo ikagoma. Mathias Mnyampala, malenga wetu wa Chamwino, alizaliwa 1917 hiyo hiyo. Yeye alipona. Wengi hawakupona.

Mama yake Bibi alikuwa binti mdogo. Baba yake alimpeleka kwa watu wenye chakula, akamwacha pale, akaondoka na kikapu cha mtama. Misimu miwili ikapita. Siku baba aliporudi kumchukua, binti alikimbia akajificha porini. Alidhani amekuja kumpeleka kwingine.

Hapo hakuna aliyepiga miayo. Maswali yakamiminika: Porini alilala? Alikula nini? Nani alimtoa? Ile ya mvua nzuri haikuulizwa hata swali moja. Ungeuliza nini, mtama ulijaa ukafika wapi?

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini lile gazeti la jeneza liliniudhi. Nilitaka kujua yule kijana wa bodaboda alipatwa na nini. Breki? Mwendo? Giza? Wakanipa vilio, picha na jina la mtaa, basi. Mbaya bila "ilikuwaje" ni bure kabisa, afadhali ningenunua la bi harusi.

"Aliyemtoa porini ni mama yake," Bibi akasema. "Alimwita usiku kucha, kwa jina la utoto. Baba alikaa pembeni, hakuthubutu kusogea."

Kimya. Nikamuuliza Bibi kama yule baba alisamehewa. Akaniangalia tu, akachochea moto.

Mjukuu mdogo kuliko wote, wa darasa la pili, akainuka, akachukua tochi ya simu yangu bila kuomba.

"We, unakwenda wapi?"

"Kuangalia ghalani," akasema. "Uwele umebaki kiasi gani?"