Boneti ni Yako, Barabara ni ya Umma

Katika masomo ya uraia tumezoea kuitaja haki ya kumiliki mali kana kwamba mali zote ni za namna moja. Shamba ni mali, kitabu ni mali, na gari nalo ni mali. Hata hivyo, gari lina sifa ambayo kitabu hakina: mwenyewe hulitoa nje ya uzio wake kila siku na kulipitisha kwa kasi karibu na miili ya watu asiowajua. Kwa sababu hiyo nataka leo tulitazame jambo linaloonekana kuwa la anasa tu, yaani kuvua boneti, bampa au bawa la kiwandani katika gari la spoti na kulivalisha badala yake vipande vya nyuzi za kaboni. Rai yangu ni hii: mwenye gari aachiwe uhuru wa kulibadili, lakini mzigo wa kuthibitisha kwamba badiliko hilo halimdhuru mwingine uwe juu ya wanaounda, wanaouza na wanaofunga vipuri hivyo, kabla gari halijaingia barabarani. Mzigo huo usitupwe juu ya askari anayekisia kwa macho, wala juu ya mtembea kwa miguu aliyekwisha kugongwa.

Tuanze na kitu chenyewe. Unyuzi mmoja wa kaboni ni mwembamba kuliko unywele wa mtu. Nyuzi hizo hufumwa zikawa kitambaa cheusi, kitambaa kikalazwa ndani ya kalibu na kulowanishwa kwa resini ya epoksi. Resini ikishakauka, kipande huwa kigumu na chepesi mno. Sentimita moja ya ujazo ya feleji ina uzito wa takriban gramu 7.8, ya alumini gramu 2.7, na ya nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa resini takriban gramu 1.6 tu. Ndiyo maana waundaji wa magari ya mbio waliipenda kaboni. Mwaka 1981 timu ya McLaren ilileta katika mashindano ya Formula 1 gari la MP4/1, lililobuniwa na John Barnard, ambalo kiunzi chake kilikuwa cha nyuzi za kaboni. Mwezi Septemba mwaka huo huo, huko Monza nchini Italia, dereva John Watson alipata ajali iliyoing'oa injini kutoka kwenye gari hilo, naye akatoka akitembea kwa miguu yake. Waliokuwa wakihofu kwamba gari la namna hiyo lingesambaratika likawa vumbi walipata jibu lao.

Kutoka viwanja vya mbio, kaboni ilihamia barabarani. Mwaka 2000 kampuni ya Nissan ilitoa Skyline GT-R V-Spec II yenye boneti ya kaboni kutoka kiwandani, na mwaka 2003 BMW ikatoa M3 CSL yenye paa la kaboni. Vijana walioyaona magari hayo wakatamani yao yafanane nayo, na biashara ya vipuri visivyo vya kiwandani ikastawi. Hapa ndipo penye fundisho ambalo wengi hulisahau. Kilichomwokoa Watson hakikuwa jina la kaboni. Zilikuwa hesabu za wahandisi: tabaka ngapi, nyuzi zielekee wapi, joto kiasi gani, mgandamizo kiasi gani. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kipande kilichookwa katika tanuri lenye mgandamizo mkubwa na kipande kilichopakwa resini kwa brashi uani mwa karakana huitwa kwa jina moja na hung'aa kwa namna moja, lakini si kitu kimoja. Sokoni zipo pia boneti ambazo kwa ndani ni nyuzi za kioo, zilizofunikwa tabaka moja la kaboni ili mnunuzi aione na kuilipia.

Tena tuwe wakweli kuhusu faida. Aliyepunguza kilo kumi kwenye boneti ya gari lenye uzito wa kilo 1,500 hajapunguza hata sehemu moja katika mia. Katika mashindano yanayoamuliwa kwa sehemu ya sekunde, kiasi hicho kina maana. Katika foleni ya jioni mjini Kampala hakina. Simlaumu anayependa uzuri wa kitu. Mapambo ni haki ya mtu, na ufundi mzuri hupendeza. Ninachokataa ni kuliita pambo usalama.

Sasa tuingie gereji. Fundi mwaminifu hukijaribisha kipande kwanza bila kukikaza. Hupima nafasi iliyopo kati ya boneti na madigadi pande zote mbili, huziangalia bawaba, kisha hulijaribu komeo, tena na tena. Boneti ya kiwandani ina komeo kuu na kishikizo cha akiba, ili komeo likiachia, kishikizo kizuie. Boneti nyepesi iliyofungwa vibaya huinuliwa na upepo gari likiwa katika mwendo, ikakifunika kioo cha mbele, na dereva akawa kipofu mahali ambapo hana nafasi ya kukosea. Yapo na mengine yasiyoonekana kwa macho. Kaboni ikigusana na alumini penye unyevu huifanya alumini hiyo ilike upesi, kwa hiyo lazima pawe na kizuizi kati yao. Kaboni hupitisha umeme na huyazuia mawimbi ya redio. Bampa ya kaboni ikiwekwa mbele ya rada inayosaidia breki, rada hiyo yaweza kushindwa kuona kilicho mbele. Fundi naye yumo hatarini: vumbi la kaboni inapopigwa msasa huwasha ngozi, wala si la kuvutwa mapafuni. Anayemtuma kijana wa gereji kuipiga msasa bila barakoa anajipambia gari kwa afya ya mwenziwe.

Zaidi ya hayo yote, boneti si kifuniko cha injini tu. Mtembea kwa miguu agongwapo na gari kwa mbele, kichwa chake huweza kuangukia juu ya boneti. Kwa hiyo waundaji wa magari ya siku hizi huacha nafasi kati ya boneti na injini, wakaifanya boneti yenyewe ibonyee ili imeze sehemu ya nguvu ya pigo. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lililotaka aina mpya za magari zijaribiwe kwa jambo hilo, kwa vifaa vinavyoiga kichwa na mguu wa mwanadamu. Feleji hubonyea; kaboni iliyoundwa bila hesabu hupasuka, na vipande vyake huwa na ncha kali. Mtu anayevuka barabara akirudi sokoni hakushauriwa wakati boneti hiyo ilipochaguliwa, lakini ndiye atakayeijua kwa kichwa chake.

Je, nchi nyingine zimefanya nini? Nawapeni mfano wa Ujerumani, nchi inayopenda magari ya kasi kuliko nyingi. Kifungu cha 19 cha kanuni zake za kuruhusu magari barabarani kinaeleza kwamba kibali cha gari hukoma endapo gari limebadilishwa kwa namna inayogeuza aina yake iliyoidhinishwa, inayotarajiwa kuwahatarisha watumiaji wa barabara, au inayozidisha moshi au kelele. Hata hivyo, kanuni hizo hazimfungii mlango mpenda magari. Muundaji wa kipuri anaweza kuomba kibali cha jumla cha kipuri hicho kutoka Kraftfahrt-Bundesamt, mamlaka ya magari iliyoko mjini Flensburg. Kwa miaka mingi njia nyingine imekuwa kukiuza kipuri kikiwa na ripoti ya upimaji, kisha mwenye gari akalipeleka kwa mkaguzi anayetambuliwa, kama vile wa TÜV, athibitishe kwamba kimefungwa sawasawa.

Utazameni mpangilio huo, kwa maana ndani yake limo somo la uraia. Swali huulizwa kabla ya ajali, wala si baada yake. Hujibiwa na mwenye ujuzi na vifaa. Jibu huandikwa, na karatasi hiyo humlinda raia popote asimamishwapo. Askari hana haja ya kukisia, na dereva hana haja ya kubembeleza.

Huku kwetu Uganda, Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inakataza kuendesha gari ambalo hali yake ya kimitambo ni ya hatari. Makusudio yake ni mema. Lakini askari aliyesimama kando ya barabara hana kifaa cha kupimia boneti. Ana macho yake tu. Gari la spoti lililoletwa kutoka Japani, likashushwa Mombasa na kupandishwa hadi Kampala, huenda likapita mbele ya maaskari watatu kwa siku moja: wa kwanza akaisifu boneti yake, wa pili asiione, na wa tatu akaiita hatari. Sheria inapoachia macho ya mtu yaamue, mlungula hupata mahali pa kukaa. Hapo dereva mwema na dereva mzembe huwa sawa, maana wote wawili hutoka kwa fedha ileile.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Wa kwanza atasema kwamba hili ni tatizo la matajiri wachache. Namjibu kwamba wanaomiliki magari hayo ni wachache, bali wanaotembea kando ya barabara ni wengi, nao ndio hasa ninaowatetea. Tena kanuni itakayowekwa kwa ajili ya boneti ya kaboni ndiyo itakayofaa kwa ngao za vyuma zinazochomelewa mbele ya magari makubwa, na kwa viti vya ziada vinavyofungwa katika magari ya abiria. Wa pili atasema kwamba vibali vitawaua mafundi wetu wa Katwe, ambao kwa mikono yao huunda vitu ambavyo wengine huviagiza ng'ambo. Hoja hii ni nzito, nami siipuuzi. Kanuni ikiwa na ada kubwa na ofisi moja tu mjini, kweli itawaua. Kwa hiyo upimaji uwe wa bei nafuu, ufanyike karibu na walipo mafundi, na vyuo vya ufundi vishirikishwe. Fundi mwenye cheti cha kipimo atauza kwa bei nzuri kuliko asiye nacho, na mnunuzi atapata njia ya kumtofautisha na mlaghai. Wa tatu atasema kwamba ukaguzi wenyewe utageuka mlango wa hongo. Huenda. Lakini hongo iliyo ndani ya ofisi yenye kumbukumbu zilizoandikwa huweza kufuatiliwa. Ile ya kando ya barabara hupotea pamoja na vumbi la matairi.

Hadi kanuni hiyo itakapokuwapo, raia mwema hasubiri kuamriwa. Atakayenunua kipuri cha namna hii na amuulize muuzaji kimeundwaje na kimepimwa na nani. Amuulize fundi kama komeo na kishikizo cha akiba vimebaki kazini. Kisha aiarifu kampuni yake ya bima kwa maandishi, kwa kuwa bima husimama juu ya ukweli, na aliyeficha badiliko muhimu huenda akajikuta peke yake siku ya madai. Asipopata majibu ya kuridhisha, boneti hiyo na aiweke kwenye gari la uwanja wa mbio, ambako kila aliyemo ameingia kwa hiari yake akijua hatari iliyopo.

Nanyi wanafunzi, jadilini rai hii darasani, na asiyekubaliana nami aandike hoja zake kwa Kiswahili sanifu. Mwenye gari la spoti tumuachie fahari yake. Tunachomdai ni kimoja: asitufanye sisi wapita njia kuwa kifaa chake cha kupimia.