KAMBA WA KULIWA AU KAMBA YA KUFUNGIWA?



Hapa Chukwani ndipo Sayyid Barghash alipojenga kasri yake, na hapa hapa leo ndipo linapokutana Baraza la Wawakilishi. Mpunga hauoti Chukwani. Ardhi yetu ni mawe. Lakini sheria inayolihusu bonde la Cheju hutungwa hapa, na kwa hivyo hatuna ruhusa ya kunyamaza.

Tangu ilipoundwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi mwaka 2020, khabari ya kufuga viumbe wa majini imo katika kila kinywa. Matawini tunaulizwa: je, mkulima aweza kufuga kamba wa maji baridi ndani ya jaruba lake la mpunga?

Tunajibu: aweza. Bangladesh, upande wa Bagerhat, wakulima wadogo walianza kazi hiyo tangu miaka ya 1970. Huchimba mtaro pembezoni mwa jaruba na kunyanyua tuta. Maji yakijaa hufuga kamba. Yakipungua hupanda mpunga, nao hunufaika na mbolea iliyobaki topeni.

Lakini tupige hesabu kama tulivyofundishwa ubaoni. Tuseme jaruba latoa mapolo 10. Mtaro ukila sehemu moja katika kumi, polo 1 limekwenda. Basi kamba na walipe kwanza polo hilo, walipe ujira wa wachimbaji, walipe vifaranga na chakula. Kitakachobaki ndicho faida. Tena dawa ya wadudu haitiwi, maana huua kamba. Hapo mkulima anaokoa fedha. Lakini jirani wa juu akipiga dawa yake na maji yakashuka, kamba wako wamekwisha. Kazi hii ni ya bonde zima, au si ya mtu.

Na sasa sikilizeni siri ya biashara. Mbegu ya mpunga mkulima huiweka nyumbani mpaka msimu ujao. Kifaranga cha kamba hakiwekwi! Kamba huyu, ingawa huishi maji baridi, watoto wake huanza maisha katika maji yenye chumvi kiasi. Jarubani hawakui. Kila msimu lazima vifaranga vinunuliwe. Basi mwenye kituo cha kutotolea ndiye mwenye bonde. Akikukopesha vifaranga leo na kukupangia bei kesho, umekuwa kibarua katika jaruba lako mwenyewe.

Msiseme tunawatisha watu. Khulna, huko huko Bangladesh, matajiri waliingiza maji ya chumvi ili wafuge kamba wa baharini. Mpunga ukafa, malisho yakafa. Na tarehe 7 Novemba 1990 Bibi Karunamoyee Sardar, aliyesimama na wenziwe kupinga, akauawa. Na karibu yetu, Rufiji, mwaka 1997 Serikali iliikubalia kampuni moja kufuga kamba katika delta, kiasi cha hekta 10,000, ingawa Baraza lake la mazingira lilishauri vingine. Wanavijiji wakaenda mahkamani, na mradi haukujengwa. Waliosimama pamoja hawakunyang'anywa.

Kwa hivyo tunadai mambo matatu. Kwanza, vifaranga vitoke katika kituo cha umma, na ushirika wa wakulima uwe na sauti humo. Beit el Ras tayari kipo kituo cha kutotolea viumbe wa baharini. Ujuzi si mgeni kwetu. Pili, kila anayelima, mwanamke kwa mwanamume, apate haki ya jaruba lake kwa maandishi kabla mtaro haujachimbwa. Tatu, maji ya chumvi yasiingizwe bondeni kwa hali yo yote.

Hoteli za Nungwi na Paje zataka kamba, na sisi twangojea meli ituletee mapembe. Je, eka tatu ziligawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 ili mjukuu arudi kuwa mtwana wa mwenye vifaranga? Hasha!

Wawakilishi wetu, Cheju si mbali na Chukwani. Nendeni mkakanyage tope, kisha ndipo mnyanyue mikono kupiga kura. Mpunga kwanza, kamba baadaye, na vyote viwili viwe mali ya anayeingia topeni.